Mstari wa Kijani Chini ya Epidemisi: Kingamwili na Nanga za Ngozi

Ukiisugua ngozi yenye afya kwa nguvu, tabaka lake la juu halitelezi wala halibanduki kutoka kwenye lile la chini, ingawa matabaka hayo mawili yamejengwa kwa namna tofauti kabisa. Epidemisi, iliyo juu, ni ukuta wa seli zilizobanana usio na mshipa hata mmoja wa damu. Demisi, iliyo chini yake, ni mfumo wa nyuzi za kolajeni na elastini ambamo seli ni chache na zimetawanyika, na ndimo inamopita mishipa ya damu na ya fahamu. Kinachoyashikanisha ni utando wa msingi, eneo jembamba ambalo kwa rangi za kila siku za maabara ya patholojia halijitokezi, na ambalo hata likitiwa rangi inayoshika sukari zilizoungana na protini huonekana kama ufito mmoja wa waridi usioeleza umeundwa kwa kitu gani. Ili kujua nini kimekaa wapi ndani ya ufito huo, watafiti walihitaji chombo kinachoweza kuchagua protini moja na kuziacha nyingine zote. Chombo hicho ni kingamwili, protini ya kinga ya mwili inayoshika shabaha moja maalumu.

Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusoma vioo vya ngozi chini ya hadubini ya mng'ao, na kuna jambo moja ambalo naona linasahaulika mno, hata katika ripoti zilizoandikwa na watu wenye ujuzi. Kingamwili haituonyeshi utando. Hutuonyesha mahali kilipo kipande kidogo cha protini moja, tena kwa sharti kwamba kipande hicho hakijaharibika wala hakijafunikwa na kitu kingine. Mstari wa kijani unaong'aa chini ya epidemisi ni jibu la swali moja tu, na swali hilo huwa limekwisha kuamuliwa na kingamwili tuliyoichagua kabla hata tone lake halijagusa ngozi. Historia nzima ya utafiti huu, kwa maoni yangu, ni historia ya watu kujifunza kuuliza maswali madogo zaidi na zaidi.

Tuutazame muundo wenyewe kwanza, kutoka juu kwenda chini. Seli za safu ya chini kabisa ya epidemisi zina, upande unaoelekea demisi, vishikizo vidogo viitwavyo hemidesmosomu. Ndani ya seli, nyuzi za keratini zimefungwa kwenye vishikizo hivyo kwa protini mbili, plektini na BP230. Protini nyingine mbili, integrini α6β4 na BP180, ambayo pia huitwa kolajeni ya aina ya XVII, hupenya utando unaoifunika seli na kutokeza nje. Nje ya seli kuna ukanda unaoonekana mweupe katika hadubini ya elektroni, nao ni lamina lusida, na chini yake ukanda mweusi, lamina densa, kila mmoja ukiwa na unene wa makumi machache tu ya nanomita. Protini iitwayo laminini 332 huuvuka ukanda mweupe, ikiishika integrini kwa upande wa juu na kolajeni ya aina ya VII kwa upande wa chini. Lamina densa yenyewe imejengwa hasa kwa kolajeni ya aina ya IV. Kutoka hapo huanza nyuzi-nanga, ambazo ni mafungu ya kolajeni ya aina ya VII. Hushuka ndani ya demisi, hupinda, na kuzikumbatia nyuzi nene za kolajeni zinazokutana nazo huko.

Ugumu wa kuyachunguza haya yote umo katika vipimo. Mwanga wa kawaida hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya takriban nanomita 200, ilhali lamina lusida na lamina densa zikijumlishwa bado ni nyembamba kuliko umbali huo. Kwa hiyo, ukichukua ngozi nzima na kuipaka kingamwili dhidi ya BP180 katika kioo kimoja, dhidi ya laminini 332 katika kioo cha pili, na dhidi ya kolajeni ya aina ya IV katika cha tatu, utaona karibu mstari uleule mara tatu. Macho hayawezi kukuambia kwamba ya kwanza imo kwenye seli, ya pili inavuka uwazi, na ya tatu imelala chini. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu mbinu nyingi nitakazozieleza zilibuniwa ili kulikwepa.

Mbinu ya kuunganisha kingamwili na rangi inayong'aa ilianzishwa na Albert Coons na wenzake huko Harvard mwaka 1941. Rangi yao ya kwanza ilitoa mng'ao wa buluu, na tatizo likajitokeza mara moja: tishu zenyewe hung'aa buluu bila kutiwa chochote. Muda mfupi baadaye wakahamia kwenye fluoresini, ambayo hung'aa kijani, na kijani hicho ndicho kimebaki kuwa rangi ya kazi hii mpaka leo. Sikupata kamwe kusikia mwanafunzi akiuliza kwa nini mstari ni wa kijani, ingawa ni swali zuri, na jibu lake linatukumbusha kwamba tishu nayo ina mwanga wake usiohusiana na kingamwili.

Walioifikisha mbinu hiyo kwenye utando wa ngozi walikuwa Ernst Beutner na Robert Jordon, huko Buffalo katika jimbo la New York. Mwaka 1964 walionyesha kwamba seramu, yaani maji ya damu yasiyo na seli, ya wagonjwa wa pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge ya ngozi, ina kingamwili zinazoshika nafasi zilizo kati ya seli za epidemisi. Mwaka 1967, wakiwa na wenzao akiwamo Walter Lever, ambaye mwaka 1953 alikuwa ametenganisha pemfigoidi ya malengelenge na pemfigasi kama magonjwa mawili tofauti, walionyesha kwamba seramu ya wagonjwa wa pemfigoidi haishiki kati ya seli bali hushika ule mpaka wa chini, ikiacha mstari mmoja ulionyooka bila kukatika. Hapo uganga na utafiti vilishikana mikono kwa namna isiyo ya kawaida. Kinga ya mgonjwa, kwa kuushambulia mwili wake mwenyewe, ilikuwa imetengeneza kingamwili za kuchunguzia utando ambao hakuna maabara iliyokuwa imejua kuutengenezea, na kwa muda mrefu wagonjwa ndio waliokuwa chanzo kikuu cha vifaa vya utafiti huu. Hata majina ya protini yanabeba kumbukumbu hiyo, kwa kuwa BP ya BP180 na BP230 ni herufi za kwanza za jina la ugonjwa, na namba ni uzito wa protini hizo kwa maelfu ya daltoni, kipimo cha uzito wa molekuli. Mwaka 1981 John Stanley na wenzake walitumia kingamwili hizohizo za wagonjwa kuivua protini ya pemfigoidi kutoka kwenye seli za epidemisi na kuieleza tabia zake. Mwaka 1988 zikatumika tena kuitafuta jeni yake.

Kingamwili za mgonjwa, hata hivyo, zina kasoro kubwa. Ni mchanganyiko. Seramu moja inaweza kushika BP180 na BP230 kwa pamoja, na seramu ya mgonjwa mwingine wa ugonjwa huohuo ikashika sehemu tofauti kabisa za protini hizo. Tena chupa ikiisha imekwisha. Ufumbuzi ulitoka Cambridge mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipounganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu bila kikomo. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Kwa wachunguzi wa utando wa ngozi maana yake ilikuwa kwamba sasa wangeweza kuuliza kuhusu kipande kimoja cha protini, leo na baada ya miaka ishirini, na maabara mbili zilizo mbali zikauliza swali lilelile.

Baadhi ya kingamwili hizo mpya hazikutengenezwa kwa kutumia ngozi, bali amnioni, ule utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni. Amnioni hupatikana kwa wingi baada ya kujifungua bila kumkata mtu yeyote, na utando wake wa msingi unafanana sana na wa ngozi: una hemidesmosomu, una laminini 332, una nyuzi-nanga. Kolajeni ya aina ya VII yenyewe ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 kutokana na amnioni, wakati hakuna aliyejua kazi yake. Ilikuwa ni molekuli ndefu kupita kolajeni zote zilizojulikana, lakini haikuwa na makazi. Mwaka 1986 Lynn Sakai, Douglas Keene, Robert Burgeson na wenzao wakatengeneza kingamwili dhidi yake, wakaziweka kwenye ngozi, na kwa hadubini ya elektroni wakaonyesha kwamba molekuli hiyo ndiyo nyuzi-nanga. Wakati huohuo David Woodley, Robert Briggaman na wenzao walikuwa wakija kutoka upande wa pili. Wao walianza na wagonjwa wa epidemolisisi bulosa ya kupatikana ukubwani, ugonjwa wa malengelenge usio wa kurithi, ambao kingamwili zao zilishika protini isiyofahamika iliyo chini ya lamina densa. Mwaka 1988 ikathibitika kwamba pande zote mbili zilikuwa zinaishika protini ileile.

Sehemu hasa iliyoshikwa na kingamwili za wagonjwa hao ni kichwa kikubwa cha kolajeni ya aina ya VII kiitwacho NC1. Katika makala ya 1988 kichwa hicho kilitajwa kuwa ndio mwisho wa molekuli, upande wa kaboksili. Jeni iliposomwa baadaye ikaonekana kwamba ni mwanzo wake, upande wa amino. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mpaka wa kingamwili. Iliweza kusema kwa uhakika kwamba kichwa kiko kwenye lamina densa, lakini haikuweza kusema ni ncha ipi ya mnyororo, kwa kuwa hilo si swali ambalo kingamwili huulizwa.

Laminini 332 nayo ilifikiwa na zaidi ya kundi moja kwa njia tofauti. Watafiti wa Nice, Ufaransa, walikuwa na kingamwili GB3, iliyotokana na amnioni. Kundi la William Carter huko Seattle na kundi la Burgeson huko Portland yalichapisha kazi zao mwaka 1991. Kila kundi liliipa protini jina lake, na ilichukua muda kukubaliana kwamba wote walikuwa wameishika molekuli moja kwa vidole tofauti.

Sasa niingie maabara, maana mambo mengi huamuliwa kabla ya hadubini kuwashwa. Sampuli ya ngozi, kwa kawaida kiduara cha milimita tatu au nne, haitiwi fomalini. Fomalini huzifunga protini zikashikana hata vipande vinavyotafutwa na kingamwili nyingi vikafichika. Badala yake sampuli hugandishwa papo hapo kwa nitrojeni ya kimiminika, au huwekwa katika kimiminika cha Michel, kilichoelezwa mwaka 1973, ambacho kina chumvi ya amonia na salfeti na huweza kuihifadhi kwa siku kadhaa bila barafu. Baadaye hukatwa ndani ya kriostati, mashine ya kukatia iliyopozwa hadi nyuzi joto karibu 20 chini ya sifuri, katika vipande vya unene wa maikromita nne hadi sita. Kipande kinapotoka kwenye kisu hupenda kujikunja kama ganda. Unakitandaza kwa ncha ya brashi laini, kisha unakisogezea kioo chenye joto la chumba, nacho kinaruka na kushikamana chenyewe. Epidemisi ikijikunja wakati huo, hakuna ujuzi wa baadaye utakaouokoa mstari.

Kipande kikishakauka hutiwa kingamwili ya kwanza, huoshwa, hutiwa kingamwili ya pili iliyobeba fluoresini ambayo huishika ile ya kwanza, huoshwa tena, hufunikwa. Gizani, chini ya hadubini, unaona kwanza vitu visivyo na maana: tabaka gumu la juu limeng'aa kwa sababu hushika kingamwili yoyote ile, na nyuzi za elastini ndani ya demisi zinatoa mwanga wake wa asili, wa manjano hafifu. Kisha unauona mstari. Unapanda na kushuka ukifuata vilima na mabonde ya mpaka wa epidemisi, unazunguka vinyweleo, unazunguka vifereji vya jasho. Ikiwa umeuliza kuhusu kolajeni ya aina ya IV, kuta za mishipa midogo ya damu nazo zimeng'aa, kwa kuwa zina protini hiyo. Ikiwa umeuliza kuhusu kolajeni ya aina ya VII au BP180, mishipa haionekani kabisa. Mimi huitazama mishipa kabla ya kuutazama mpaka. Ikiwa kioo ni cha kolajeni ya aina ya IV na mishipa imezimika, basi kingamwili haikufanya kazi na hakuna haja ya kuendelea kusoma.

Turudi kwenye tatizo la nanomita 200. Mwaka 1984 Ray Gammon, Briggaman na wenzao walieleza njia ambayo bado naihesabu kuwa miongoni mwa mbinu nzuri kuliko zote katika fani hii. Ngozi ya kawaida ya binadamu huloweshwa katika maji ya chumvi yenye moli moja kwa lita, sawa na gramu 58 na nusu hivi za chumvi safi, katika baridi ya nyuzi 4, kwa siku mbili au tatu. Kisha epidemisi huweza kubanduliwa taratibu kwa koleo ndogo. Inaachana na demisi palepale kwenye lamina lusida: BP180, BP230 na integrini hubaki kwenye paa, yaani upande wa epidemisi, ilhali laminini 332, kolajeni ya aina ya IV na kolajeni ya aina ya VII hubaki kwenye sakafu, upande wa demisi. Ni kama kuachanisha karatasi mbili zilizogandana ili kujua wino uko kwenye ipi. Ukiweka seramu ya mgonjwa juu ya ngozi hiyo, mstari wa pemfigoidi huonekana kwenye paa, na mstari wa epidemolisisi bulosa ya kupatikana ukubwani huonekana kwenye sakafu. Umbali wa makumi machache ya nanomita, ambao mwanga haukuweza kuusoma, umegeuzwa kuwa uwazi unaoonekana bila taabu.

Uzuri wa mbinu hii usitufanye tuipe zaidi ya inachostahili. Paa na sakafu ni majibu mawili, na protini ni nyingi kuliko mbili. Kingamwili dhidi ya laminini 332 hushika sakafu. Kingamwili dhidi ya mnyororo γ1 wa laminini nazo hushika sakafu. Mgonjwa mwenye kingamwili za laminini 332 anahitaji kuchunguzwa kama ana saratani mahali fulani mwilini, kwa kuwa baadhi yao huwa nayo, jambo ambalo halitokani na kuandika tu kwamba sakafu imeng'aa. Hapo inabidi kuuliza swali dogo zaidi, kwa kupima seramu dhidi ya protini moja moja.

Maradhi ya kurithi hufanya kazi ileile ya chumvi, ila yenyewe huchagua mahali pa kupasulia. Hili liligunduliwa kwa ustadi mkubwa na Helmut Hintner na wenzake mwaka 1981. Mtoto anayezaliwa na epidemolisisi bulosa hupata malengelenge kwa msuguano mdogo, lakini kwa macho huwezi kujua ngozi yake imeachana wapi. Hintner alichukua lengelenge lenyewe akalitia kingamwili za protini zilizojulikana kukaa katika ngazi tofauti, kisha akatazama kila moja imebaki upande gani. Ikiwa zote zimebaki sakafuni, mpasuko uko juu yao, ndani ya seli za epidemisi zenyewe. Ikiwa kingamwili ya pemfigoidi iko paani na kolajeni ya aina ya IV iko sakafuni, mpasuko umepita katikati ya utando. Ikiwa zote zimepanda paani, mpasuko uko chini ya lamina densa, kwenye nyuzi-nanga. Kabla ya hapo uainishaji huo ulihitaji hadubini ya elektroni. Baada ya hapo ukawezekana kwa vioo vichache na saa chache.

Lakini lengelenge liwe jipya. La zamani hudanganya, kwa sababu seli za epidemisi huanza kutambaa juu ya sakafu yake na kuiezeka upya, na vimeng'enya vilivyomo kwenye maji yake hula protini. Ndiyo maana daktari huisugua kwanza ngozi isiyo na lengelenge kwa kifutio cha penseli, akikizungusha taratibu mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo, kisha akachukua sampuli pembeni mwa hapo. Kifutio cha penseli ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika utafiti huu, na sijaona kilichokishinda.

Kujua ngazi ya mpasuko hakutoshi kujua protini iliyokosekana. Kwa hilo zilihitajika kingamwili za monokloni, yaani zile za aina moja tu zilizotokana na mbinu ya Köhler na Milstein. Mwaka 1986 watafiti wa London, akiwamo Irene Leigh, walionyesha kwamba GB3 haishiki kitu katika ngozi ya watoto wenye aina kali ya epidemolisisi bulosa ambamo mpasuko hupita katikati ya utando, na kwamba kingamwili yao LH7.2, inayoshika kolajeni ya aina ya VII, haionyeshi kitu au huonyesha kidogo katika aina kali ya kurithi ambamo mpasuko hutokea kwenye nyuzi-nanga. Jeni za protini hizo zilikuwa bado hazijasomwa kwa wagonjwa. Kwa miaka kadhaa kingamwili ndiyo iliyokuwa ikiielekezea elimu ya jeni mahali pa kutafuta, na ilipofika 1993 mabadiliko ya kwanza katika jeni ya kolajeni ya aina ya VII yakapatikana palepale ilipokuwa imeonyesha.

Hadubini ya elektroni nayo ilipewa kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu, za nanomita 5 au 10, zinazoonekana kama nukta nyeusi. Kwa njia hiyo nafasi ya kila protini ilichorwa upya kwa makini. Hata hivyo kingamwili yenyewe ni kubwa, ikiwa na upana wa nanomita zaidi ya kumi, na zikipandana mbili, nukta ya dhahabu inaweza kukaa nanomita 20 au zaidi kutoka kwenye kipande kilichoshikwa. Umbali huo ni sawa na unene wa lamina lusida yenyewe. Nukta moja, kwa hiyo, haina maana yoyote. Kinachosomwa ni wastani wa nukta nyingi. Na kuna wanaosema, kwa ushahidi wa ngozi iliyogandishwa haraka sana bila kukaushwa kwa alkoholi, kwamba ukanda mweupe unatokana kwa kiasi fulani na utayarishaji wa sampuli. Binafsi naona hoja yao ni nzito, ingawa haibadilishi mpangilio wa protini kutoka juu kwenda chini.

Si kila maendeleo yalihitaji mashine kubwa. Mwaka 2004 kundi la Groningen, Uholanzi, lilieleza kwamba mstari wa kijani wa kawaida, ukikuzwa vya kutosha katika kipande chembamba, si mstari ulionyooka. Kingamwili zinapokuwa zimeshika hemidesmosomu, ukingo wake huwa na vijino vinavyofanana na herufi n. Zinapokuwa zimeshika kolajeni ya aina ya VII, vijino hufanana na herufi u, kwa sababu kijani hujipenyeza juu kati ya miguu ya seli. Watu walikuwa wameutazama mstari huo tangu 1967. Hakuna kemikali mpya iliyohitajika, ila kipande chembamba, lenzi nzuri na mtu mwenye subira, na kwa hilo pekee magonjwa mawili hutenganishwa.

Mahali ambapo uchaguzi wa kingamwili una uzito mkubwa zaidi sasa ni kwenye tiba ya jeni. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya mtoto wa miaka saba nchini Ujerumani aliyekuwa na kasoro katika jeni ya mnyororo mmoja wa laminini 332, ambaye takriban asilimia 80 ya epidemisi yake ilibadilishwa kwa ngozi iliyooteshwa kutokana na seli zake mwenyewe zilizosahihishwa. Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka vidondani inayobeba jeni ya kolajeni ya aina ya VII. Katika kazi za namna hii mtafiti hurudi kwenye swali lilelile la kale: je, mstari umerudi?

Swali hilo halijibiki bila kusema ni kingamwili ipi. Wagonjwa wengi wenye kasoro ya kolajeni ya aina ya VII hutengeneza protini iliyokatika njiani, yenye kichwa cha NC1 lakini isiyo na mwisho wake, NC2, ambao ndio unaoziwezesha molekuli mbili kuungana na kuanza kujenga uzi-nanga. Kingamwili inayoshika NC1 itang'aa kwa mgonjwa huyo kabla ya tiba na baada ya tiba, na haitasema lolote. Katika jaribio la Stanford lililochapishwa mwaka 2016, lililohusu wagonjwa wanne waliobandikwa vipande vya epidemisi iliyosahihishwa, walichaguliwa wale ambao tayari walikuwa na NC1, na protini mpya ikatafutwa kwa kingamwili inayoshika NC2. Uteuzi huo ulikuwa na faida mbili. Mstari wa NC2 uliong'aa ungetokana na jeni iliyotiwa tu. Na mwili ambao umewahi kuiona NC1 una uwezekano mdogo wa kuichukulia protini mpya kama adui na kutengeneza dhidi yake kingamwili zilezile ambazo, kwa wagonjwa wa Woodley na Briggaman, ndizo zilizokuwa zikiibandua ngozi. Kwa sababu hiyo ufuatiliaji wa wagonjwa hawa una sehemu mbili zinazokwenda pamoja: kipande cha ngozi hupimwa kama kina NC2, na seramu hupimwa kwenye ngozi iliyoachanishwa kwa chumvi, kuona kama sakafu imeanza kung'aa.